Rasberi zinastawi ajabu lakini hazizai: ni mkasi, mbolea au baridi?

#1 Mama_Shani
Habari za humu wakuu. Nipo Brooklyn Park, Minnesota. Nyuma ya nyumba tuna mstari wa rasberi, miche tuliipata kwenye mnada wa kanisa, haikuwa na kibandiko wala jina. Imeshika vizuri mno. Kila mwezi wa tano fimbo zinaibuka ardhini, ikifika Agosti zimenipita kimo, majani mapana, kijani kibichi. Matunda? Kiganja kimoja, tena ukibahatika.

Kila Novemba kabla theluji haijatulia Baba Shani anapitisha mkasi, anafyeka zote hadi chini. Kajifunza kwa jirani yetu, mzee wa hapahapa, ambaye naye anafyeka vivyo hivyo na kila Septemba anavuna kwa ndoo. Udongo hatujaupima. Jua lipo kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni.

Jambo la pili: nina bluberi mbili karibu na ngazi za zege. Majani yamekuwa ya njano ila mishipa yake imebaki kijani.

Mkasi umeshanolewa, wiki ijayo zinafyekwa. Wenye uzoefu semeni kabla sijang'oa nikapanda sukuma wiki.

#2 Ngosha_Kent
Picha mkuu. Kent ya Washington hapa, nafuatilia.

#3 Babu_wa_Dundee
Mama Shani, mwambie mzee aweke mkasi chini kwanza.

Mizizi ya rasberi inaishi miaka mingi, lakini fimbo moja moja umri wake ni miaka miwili. Halafu zipo za aina mbili, za kiangazi na za vuli. Zile za kiangazi, mwaka wa kwanza fimbo inarefuka na kuvaa majani tu. Inalala wakati wa baridi. Mwaka wa pili inatoa vitawi vya pembeni, maua, matunda mwezi wa saba, halafu inakauka. Zile za vuli hazina subira hiyo: fimbo iliyoota masika, mwaka huohuo inazaa kileleni Agosti au Septemba.

Ya vuli ukiifyeka yote hakuna neno, mwakani inaota upya na kuzaa. Ya kiangazi ukiifyeka Novemba umefyeka matunda ya Julai ijayo yakiwa bado tumboni. Jirani ana ya vuli, wewe una ya kiangazi. Basi. Baba Shani ndiye anayeyamaliza matunda yako.

#4 Mama_Shani
Babu umenichekesha. Nimemsomea, kanyamaza, anatazama dirishani.

#5 Chalii_wa_Rochester
Babu shikamoo, ila Dundee si Minnesota. Aina za vuli nazo zinatofautiana, zipo zinazochelewa. Heritage kwa mfano, maduka mengi ya Marekani bado yanaiuza, huku kwetu inaanza kuiva wakati barafu ya kwanza nayo inabisha hodi. Mwisho wa Septemba au Oktoba mwanzoni, usiku mmoja tu, asubuhi ukiamka maua yote meusi. Kwa hiyo inawezekana kabisa Mama Shani ana ya vuli, mume anakata sawasawa, na bado hapati kitu. Jirani atakuwa na aina inayowahi.

Swali kwako dada: mwishoni mwa Septemba uliona maua au vitumba kwenye ncha?

#6 Mama_Shani
Niliona, kwenye ncha za juu kabisa, ila siyo fimbo zote. Kile kiganja kimoja ndiko kilikotoka. Halafu baridi ikaingia.

#7 Chalii_wa_Rochester
Vuli hiyo. Kesi imefungwa.

#8 Babu_wa_Dundee
Haijafungwa kijana. Vuli ikiwa ndefu na yenye joto, hata rasberi za kiangazi baadhi ya fimbo huchanua ncha. Amesema "siyo fimbo zote", hapo ndipo pa kushika. Ya vuli ya kweli inachanua karibu zote.

Na Dundee usiidharau. Hapa Invergowrie ipo Taasisi ya James Hutton, ya utafiti wa mazao, rasberi zote zenye jina linaloanza na Glen unazozisikia, Glen Ample na wenzake, zimetokana na kazi ya watu wa hapa. Hata tayberry, mtoto wa rasberi na blakiberi, ilitolewa huku Uskoti mwaka 1979, ikaitwa kwa jina la mto Tay ninaouona nikisimama jikoni.

#9 Chalii_wa_Rochester
Sawa mzee, na rasberi ya Latham ilitolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1920. Tusipimane.

#10 Lubumbashi_Lexington
Ndugu zangu, nyote munaongea mkasi, hakuna aliyeuliza chakula. Mama anasema fimbo zimemupita kimo, jani pana, kijani kweli kweli. Hiyo ni nitrojeni. Mumea ukishiba nitrojeni unajenga majani, unasahau kuzaa. Mama, mbolea gani munaweka?

#11 Mama_Shani
Kwenye rasberi hatuweki kitu. Ila ziko ukingoni mwa nyasi, na nyasi tunazitupia ile mbolea ya mfuko kila masika, ile inayolisha nyasi na kuua magugu kwa pamoja.

#12 Lubumbashi_Lexington
Ndiyo hiyo! Mizizi ya rasberi haijui mupaka wa nyasi uko wapi. Munalisha nyasi, rasberi inakula kwa siri. Halafu ile ya kuua magugu mara nyingi ndani yake muna 2,4-D, inaua kila chenye jani pana na kuacha nyasi. Rasberi ni jani pana, mama.

#13 Binti_Chumbageni
Hapo kwenye dawa ya magugu sikubaliani na wewe #12. 2,4-D ikiigusa rasberi majani yanajikunja na kujipinda, shina linakuwa na mikunjo ya ajabu, huwezi kusema "zinastawi". Mbolea sawa, dawa hapana. Lakini hata hivyo Mama Shani acha kuitupa karibu hapo, na matunda ukiyapata usiwape watoto kama umenyunyiza juzi.

Mimi nipo Leicester, nina shamba la kukodi la manispaa. Wenzangu wa Uingereza wanajua ile foleni ya kusubiri, unaandikisha jina mtoto yuko tumboni, unaitwa anaanza shule.

#14 Daktari_wa_Mimea
Wakuu tatizo ni virusi. Miche ya mnada, haina cheti, haina jina. Rasberi hupata virusi vinavyoletwa na vidukari, matunda yanakuwa machache na yanavunjikavunjika chembe chembe ukiyachuma. Ng'oa zote, choma moto, usipande rasberi hapo tena kwa miaka.

#15 Binti_Chumbageni
Daktari punguza dozi. Kirusi kinachofanya tunda livunjike chembe chembe mara nyingi kinaenezwa na chavua, nyuki anakipeleka ua kwa ua, siyo vidukari. Vya vidukari ni vingine. Na mmea wenye virusi hivyo vya vidukari kwa kawaida hudhoofika, unafupika, majani yanapata mabaka. Wa huyu mama unampita kimo!

#16 Daktari_wa_Mimea
Nimesahihishwa kwenye chavua, nakubali. Miche ya mnada bado siiamini.

#17 Columbus_Kwetu
Nakazia #16 kidogo. Kitu kingine: je, hapo mlipopanda zamani palikuwa na nyanya, viazi, biringanya au pilipili hoho? Kuna ukungu wa udongoni, verticillium, unakaa ardhini miaka na miaka, unatoka kwenye nyanya unaingia kwenye rasberi. Kwangu fimbo zilianza kunyauka kutoka chini kwenda juu katikati ya kiangazi huku udongo una maji ya kutosha.

#18 Mama_Shani
Palikuwa na nyasi tu. Na hazinyauki.

#19 Ngosha_Kent
Basi huyo ukungu mfuteni kwenye orodha ya watuhumiwa. Wamebaki mume, barafu na mbolea.

#20 Tumaini_Duluth
Ongezeni sungura. Watu wa kusini hamjui sungura wa Minnesota wakati wa theluji. Nyasi zimefunikwa, hana chakula, anakaa juu ya theluji na kutafuna fimbo za rasberi na bluberi. Masika theluji ikiyeyuka unakuta fimbo zimekatwa kimo cha goti, unasema ni baridi. Angalia mkato: sungura anakata mshazari safi, utadhani wembe. Ukiona pameraruka nyuzinyuzi, huyo ni kulungu, hana meno ya mbele ya juu, anavuta na kurarua.

#21 Chalii_wa_Rochester
Sungura atafune nini na mume kafyeka zote Novemba?

#22 Tumaini_Duluth
Aaah. Kweli. Basi wekeni akiba, siku akiacha kufyeka sungura watafika.

#23 Binti_Chumbageni
Mimi hayo ya kutozaa sina, langu ni funza. Rasberi nzuri, nyekundu, ukiichuma inaacha maji mekundu kwenye kile kikonyo cheupe. Chovya kwenye bakuli la maji ya chumvi, subiri kidogo. Vinatoka vidudu vyeupe, vyembamba. Ni wa yule inzi mdogo aliyetokea Asia, Drosophila suzukii. Uingereza alionekana mara ya kwanza 2012, California alishafika 2008. Inzi wa kawaida wa matunda hutafuta tunda lililooza, huyu jike lake lina msumeno wa kutagia, anatoboa tunda zima linaloanza kuiva. Ndiyo maana rasberi za vuli zinaumia kuliko za Julai, yeye anakuwa ameshazaliana majira yote.

#24 Mpita_Njia_Mbagala
Yaani mnakula funza Ulaya halafu mkija likizo mnatuzibia pua kwa senene?

#25 Muhaya_Original
Senene usiwaingize kwenye uzi wa inzi tafadhali. Senene anachaguliwa, anatolewa mbawa, anakaangwa. Huyo wenu anaingia bila mwaliko.

#26 Mpita_Njia_Mbagala
😂😂 Samahani Muhaya, nimerudi nyuma.

#27 Columbus_Kwetu
Dawa yake kwangu: chuma kila siku au kila baada ya siku moja, usiache lililoiva likalala kichakani, lililodondoka okota. Ukimaliza kuchuma peleka friji hapo hapo, baridi inazuia mayai yasiendelee. Wavu nao unasaidia, ila uwe na matundu ya milimita moja au chini, huu wa ndege anapita anaimba.

#28 Babu_wa_Dundee
Na ukiufunga wavu kabla ya maua kwisha, nyuki nao wamebaki nje, utavuna hewa. Funga matunda yakiwa ya kijani.

#29 Mswahili_Örebro
Nawasoma mnavyohangaika nacheka. Huku Sweden sina bustani wala mkasi. Mwezi wa saba na wa nane nachukua ndoo naingia msituni. Kuna haki ya kila mtu, wenyewe wanaiita allemansrätten, tangu 1994 imeandikwa mpaka kwenye katiba. Msitu hata ukiwa wa mtu binafsi unaruhusiwa kuingia na kuchuma beri za porini, mradi usikaribie uani kwa watu, usikanyage mazao, usiharibu. Bluberi, lingoni zile nyekundu chungu, rasberi za porini pia zipo penye miti iliyokatwa. Na ukiuza ulichochuma mwenyewe, mpaka krona 12,500 kwa mwaka hulipi kodi.

Tena bluberi ya msituni ukiipasua ndani ni zambarau mpaka katikati, ulimi unabaki na ushahidi siku nzima. Hiyo ya dukani yenu ndani nyeupe ni mmea mwingine, ya Kimarekani.

#30 Ngosha_Kent
Na mbu je? Sema na mbu.

#31 Mswahili_Örebro
Mbu wapo. Sikusema ni peponi.

#32 Mama_Shani
Jamani bluberi zangu za kwenye ngazi mmezisahau.

#33 Kijana_wa_Makadara
Niko Surrey, British Columbia, huku bonde lote la Fraser ni bluberi, hiyo naijua. Njano na mishipa ya kijani ni upungufu wa chuma. Si ati chuma hakiko kwa udongo, kiko, lakini mmea hauwezi kukichukua juu udongo hauna tindikali ya kutosha. Bluberi inataka pH, kile kipimo cha tindikali, kati ya 4.5 na 5.5; nambari ikiwa chini ndio tindikali ni nyingi. Mboga nyingi za bustani ziko raha kwa 6.5. Na sasa wewe umeziweka kando ya zege! Zege ina chokaa, mvua ikinyesha inaosha chokaa inateremka kwa mizizi. Maji ya mfereji kwenu Minnesota pia ni magumu, yana chokaa yake. Kila ukimwagilia unaongeza shida.

Zitoe hapo. Weka kwa pipa, mchanganyiko wa mboji ya tindikali na magome ya msonobari, mwagilia maji ya mvua. Majivu ya jikoni usithubutu.

#34 Columbus_Kwetu
Mie nawekea machicha ya kahawa, zinazaa vizuri tu.

#35 Kijana_wa_Makadara
Hiyo ya kahawa imeenea kila mahali bana. Kahawa ikishapikwa, tindikali kubwa imeenda kwa kikombe chako, machicha yanabaki karibu na katikati. Udongo wako lazima ulikuwa na tindikali tangu mwanzo. Ulipima?

#36 Columbus_Kwetu
Sikupima. Lakini zinazaa.

#37 Lubumbashi_Lexington
Munapima nini wakati mutu anakula bluberi?

#38 Daktari_wa_Mimea
Mama Shani kupima si kazi, Chuo Kikuu cha Minnesota wana maabara ya udongo St. Paul, unatuma mfuko wa udongo wanakurudishia majibu ya pH na mbolea. Ukishajua ndipo uweke salfa ya unga. Ila usitarajie muujiza: salfa inageuzwa tindikali na bakteria wa ardhini, nao wanafanya kazi udongo ukiwa na joto. Ukiweka leo Novemba utaiona kazi yake mwakani.

Na chagua zile fupi za Minnesota zilizochanganywa na bluberi ya porini, Northblue au Northsky. Zinafika kiunoni hivi, theluji inazifunika zote, baridi haizipati. Panda aina mbili zichavushane.

#39 Wa_Timau
Salamu kutoka mlima Kenya upande wa Timau. Mnashangaza, mnalia na baridi wakati sisi bluberi tunapanda hapa bila theluji hata siku moja. Zinawekwa kwenye vyungu, mchanganyiko wa nyuzi za nazi, maji yanatiwa tindikali kabla ya kumwagiliwa, na zinasafirishwa nje. Kampuni ya Kakuzi kule Murang'a nao wanalima.

#40 Babu_wa_Dundee
Bluberi hizo zenu ni zile zilizozalishwa kwa ajili ya kusini mwa Marekani, hazidai baridi nyingi. Hizi za kaskazini zinataka saa mia kadhaa za baridi kabla hazijaamka. Rasberi za kiangazi vivyo hivyo. Ndiyo maana ukimpelekea ndugu yako Dar mche wa rasberi ya Uskoti atapata majani ya kuangalia.

#41 Mpita_Njia_Mbagala
Kama Mama Shani tu, na bila theluji ya kufagia.

#42 Wa_Timau
Rasberi na blakiberi za porini tunazo pia, msituni, zina miiba ya hatari. Tulizila tukichunga. Hakuna aliyekata fimbo wala kupima udongo.

#43 Columbus_Kwetu
Wakuu, kuna anayepanda karanti nyeusi, zile beri ndogo za vichakani, Marekani? Niliambiwa ni haramu kisheria.

#44 Daktari_wa_Mimea
Ilikuwa. Karanti na ndugu yake gusberi hubeba ugonjwa wa kutu unaoua misonobari myeupe, kwa hiyo serikali kuu ilizuia. Zuio la taifa liliondolewa 1966, New York wakalegeza 2003, lakini majimbo kadhaa bado yana masharti yake. Uliza Ohio kabla hujanunua.

#45 Mpemba_Maskati
Assalaam aleikum. Miye Maskati huku rasberi naziona kwenye kijisanduku tu, zimekuja na ndege, bei yake unafunga macho. Lakini nauliza, mbona hamna hata mmoja aliyetaja forosadi? Tunda tamu, halina miiba, halitaki mkasi wala chuo kikuu. Kwetu mti uko uani, watoto wanapanda wanashuka na nguo zimeharibika.

#46 Columbus_Kwetu
Forosadi huku Ohio zinaota zenyewe kando ya njia, ndege wanazipanda. Mwezi wa sita zinadondoka watu wanazikanyaga, wanalalamika viatu vimechafuka. Mimi natandika shuka chini natikisa tawi. Mara ya kwanza polisi alisimamisha gari kuniuliza nafanya nini.

#47 Mpemba_Maskati
Ukamwambiaje?

#48 Columbus_Kwetu
Nikampa chache. Akaondoka anakula.

#49 Chalii_wa_Rochester
Turudi kwenye mada, mume kashika mkasi. Ushauri wangu: fyeka kama kawaida, halafu nunua aina ya vuli inayowahi, iliyothibitishwa kwa Minnesota. Kwa sababu hata kama Babu yuko sahihi na ni ya kiangazi, hujui ni aina gani. Baridi ya huku inafika sentigredi 30 chini ya sifuri. Ukiacha fimbo za aina laini kama Tulameen, vitumba vyote vitakufa Januari na Julai utavuna vijiti.

#50 Babu_wa_Dundee
Au gawanya mstari. Nusu fyeka, nusu acha. Hutapoteza kitu, kwani sasa unavuna nini? Zile utakazoacha zifunge kwenye waya, na masika ondoa nyembamba, bakiza kama nane au kumi kwa kila mita, hewa ipite.

#51 Mama_Shani
Baba Shani kakubali nusu. Anasema nusu yake ndiyo itakayozaa. Asanteni wote, mtaniona kiangazi.

#52 Ngosha_Kent
Na picha.

#53 Mama_Shani
*(Julai)* Nimerudi kama nilivyoahidi. Bluberi zimo kwenye mapipa, majani mapya yanatoka kijani, matunda bado. Rasberi ndiyo hivi: nusu tuliyofyeka imeota, majani tele, haijachanua. Nusu tuliyoacha imezaa! Ila imezaa chini tu, kuanzia ardhini hadi karibu na goti. Kutoka hapo kwenda juu ni vijiti vikavu. Na mbolea ya nyasi mwaka huu hatukuitupa upande huo kabisa.

#54 Babu_wa_Dundee
Kiangazi. Nilisema.

#55 Chalii_wa_Rochester
Sehemu iliyofunikwa na theluji imepona, iliyokuwa juu ya theluji imekufa kwa baridi. Nilisema. Na nusu iliyofyekwa msiihukumu mpaka Septemba. Ya vuli nayo ukiiacha fimbo inazaa Julai sehemu ya chini, kwa hiyo Babu hujashinda chochote.

#56 Tumaini_Duluth
Vijiti vya juu vina mkato mshazari?

#57 Mama_Shani
Vingine vimekatwa, vingine vimekauka vikiwa vizima.

#58 Tumaini_Duluth
Sungura nusu, baridi nusu. Naomba sehemu yangu ya ushindi.

#59 Lubumbashi_Lexington
Nyote munajipigia makofi. Mama ameacha mbolea, na mwaka huohuo amepata tunda. Amebadilisha vitu viwili kwa mara moja, mutajuaje kilichozaa ni nini?

#60 Binti_Chumbageni
Hapo #59 ana hoja, siipendi lakini anayo. Mama Shani, mwakani nusu iliyoachwa itupie mbolea kidogo tuone.

#61 Mama_Shani
Mwakani nakula rasberi, sifanyi utafiti. Nusu ya mume nimempa hadi barafu ya kwanza.

#62 Columbus_Kwetu
Nitumie machipukizi kadhaa kwa posta, nitarudisha nauli.

#63 Daktari_wa_Mimea
Usitume. Miche isiyo na jina kutoka mnadani, ivuke majimbo? Hapo ndipo magonjwa yanaposafiri. Nunua yenye cheti.

#64 Columbus_Kwetu
Daktari, wewe umewahi kula rasberi kweli?

#65 Mgeni_Milton_Keynes
Samahani nimechelewa kuuona uzi. Gusberi yangu majani na matunda yana unga mweupe, baadaye unakuwa wa kahawia. Jua inapata, maji inapata. Ni nini?

#66 Lubumbashi_Lexington
Nitrojeni hiyo.

#67 Binti_Chumbageni
Mara hii anaweza kuwa sahihi 😂 Ni ukungu wa gusberi, unapenda machipukizi laini yaliyoshiba mbolea. Ila unapenda zaidi kichaka kilichojifunga. Wakati wa baridi fungua katikati, toa matawi yanayopishana, ndege aweze kupita ndani bila kugusa. Yaliyoshika ukungu sasa hivi kata ncha utupe mbali, usiyaweke kwenye shimo la mboji.